Daktari wa Fedha wa Mashimoni

Kilichomponza ni neno moja. Kama lugha yetu ingekuwa na jina moja la yale madini na jina jingine la pesa, pengine polisi wasingeujua mlango wake. Lakini yeye alisomea fedha, ile nyeupe ya pete na vikuku, na watu wa mtaa wetu wa Mashimoni walipomuuliza anashughulika na nini, alijibu kwa ukweli, "Fedha." Wakacheka, wakampiga bega. "Hata sisi, Daktari. Nani hashughuliki na fedha?"

Sote tulimwita Daktari, na yeye hakulipenda jina hilo. "Sijamaliza," alikuwa akisema. "Nilibakiza." Alikuwa akisoma ng'ambo, katika nchi ya baridi, akaja nyumbani kwa likizo fupi baada ya kuambiwa kwamba mama yake ameanguka mferejini akiteka maji. Akamkuta upande mmoja wa mwili umekufa. Dada zake walikuwa wameolewa Machakos na Kitui, kila mmoja na mzigo wake. Akasukuma sanduku lake chini ya kitanda, na likizo ile haikuisha.

Mimi nilikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, tena ukuta wa udongo, usiojua kutunza siri. Cherehani yangu ilikaa mlangoni, kwa hiyo kila aliyepita nilimwona, na yeye nilimwona kuliko wote. Asubuhi alimbeba mama yake mikononi kama mtu abebaye nguo zilizopigwa pasi, akamweka kwenye kiti nje ili apate jua. Akamlisha uji, akampangusa mdomo, akamchana nywele. Halafu akashika njia ya Ayany, akavuka Ngong Road, mpaka shule ya harambee huko Kawangware alikokuwa akifundisha kemia. Kengele ya chakula ikilia, aliteremka tena mbio kuja kumgeuza mama yake na kumbadilisha, akala muhindi wake wa kuchoma njiani, akarudi darasani jasho likimtoka. Kazi yoyote iliyokuwa mbali zaidi ya hapo hakuweza kuichukua. Dunia yake ilikuwa na upana wa saa ya chakula cha mchana.

Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Alipenda chai isiyo na maziwa, jambo ambalo watu waliliona kama kiburi cha Ulaya. Alicheka bila kutoa sauti, mabega yakitikisika. Akiudhika, alianza kukunja mikono ya shati lake, polepole, mkunjo juu ya mkunjo, mpaka akafika kiwikoni, na hapo hasira ilikuwa imekwisha. Wanafunzi wake walijua kuhesabu mikunjo hiyo. Walisema darasani alikuwa mkali kwa kosa moja tu, nalo ni kubahatisha. Mtu akisema "Sijui, Mwalimu," alimshukuru. Akibahatisha jibu, hata likiwa sahihi, alimwacha amesimama.

Mara ya kwanza alipoingia kwangu alitaka vipande vya kitambaa cheusi.

"Cha kushonea nini?" nikamuuliza.

"Si cha kushona, Mama Mwende. Cha kufunika chupa. Nataka kile kizito, kisichopitisha mwangaza."

Nikampa mabaki ya suti. Siku chache baadaye alikuja kunishukuru, akaniuliza kama ningependa kuona yaliyofunikwa. Nikaacha cherehani nikamfuata. Nyuma ya pazia, katika chumba kisicho na dirisha, kulikuwa na meza, na juu yake chupa za jemu zilizovikwa suti yangu nyeusi kama watu wa mazishini. Akawasha mshumaa, akauweka mbali, akavua chupa moja nguo yake.

Ndani ya maji mlikuwa mmeota sindano. Nyembamba, nyeupe, zimesimama hivi na vile. Nikafikiri amezitumbukiza yeye.

"Zimeota zenyewe," akasema. "Hizi zinaitwa fuwele. Kama chumvi inavyoganda, ila hizi zimejipanga."

Alivua chupa ya pili. Humo hamkuwa na sindano. Mlikuwa na vigamba vyembamba, kama magamba ya samaki.

Akanieleza, na alieleza vizuri, bila kunifanya mjinga. Alisema alikuja kutoka ng'ambo na kichupa kimoja cha unga, na kila chembe ya unga ule ilikuwa na mikono miwili. Ukiichanganya na fedha, chembe moja hushika fedha kwa mkono huu, na fedha nyingine kwa mkono ule, na fedha ile hushikwa tena na chembe nyingine, mpaka unapata mnyororo usio na mwisho. Jina lake polima. Lakini fedha iliyoyeyuka haiendi peke yake. Ina chaji, kama betri, kwa hiyo lazima itembee na mwenzi mwenye chaji ya kinyume, ndipo mambo yawe sawa. Mwenzi huyo hashiki mnyororo. Watu walimdhania ni msindikizaji tu, wa kujaza nafasi.

"Chupa zote mbili zina fedha ile ile," akasema. "Unga ule ule. Maji yale yale. Nilichobadilisha ni mwenzi tu. Huku nilitumia yule anayetokana na asidi kali. Huku yule wa siki."

"Siki hii ya kachumbari?"

"Hiyo hiyo."

Nikatazama tena sindano na magamba. "Kwa hiyo mwenzi ndiye anayeamua umbo."

Akanitazama kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni mwake. "Hilo ndilo swali langu. Mwingine anaegemea fedha, mnyororo unapinda. Mwingine ni mnene, anasukuma minyororo ikae mbalimbali. Mwingine nadhani anaishona minyororo pamoja inakuwa shuka. Lakini nadhani tu. Nje naona. Ndani sioni. Mashine ya kuonyesha ndani iko huko nilikotoka."

Kulikuwa na chupa ya tatu, ya mwenzi atokaye katika maji ya betri ya gari, na hiyo ilikuwa imekataa. Ilitoa ukungu tu. Kulikuwa na ya nne ambayo hakuitengeneza kabisa, kwa sababu mwenzi wa aina hiyo hulipuka akikauka, na kule ng'ambo alikuwa amemwona rafiki yake akipoteza vidole. "Hapa kuna mama yangu," akasema, "na watoto wako upande wa pili wa ukuta."

Fedha yenyewe aliipata kwenye shilingi za zamani, zile za kichwa cha mfalme ambazo hazikununua kitu tena. Aliziomba kwa watu. Alisema zina fedha kidogo na shaba nyingi. Alizitia kwenye asidi mpaka maji yakawa ya kijani kama mboga, akamimina maji ya chumvi, na kitu cheupe kikaganda mle kama maziwa lala. Kile cheupe alikichoma kwa magadi na makaa, kikatoka kitone kinachong'aa. Ikawa kila mzee aliyekuwa na shilingi ya mfalme akamletea, na kila aliyemletea akaenda kusimulia. Vijana waliokaa kwenye kona walimpigia kelele akipita. "Niaje, Daktari! Chapaa imeiva?" Yeye akawapungia mkono. Nadhani alifikiri wanamsalimu tu, kumbe walimwuliza kama pesa ziko tayari.

Nilimwuliza siku moja kwa nini anajisumbua, ikiwa mashine haipo. Akasema, "Nikiacha, nitakuwa mtu aliyerudi nyumbani. Nikiendelea, mimi bado niko likizo."

Watu walimsifu kwa kumtunza mama yake, na sifa hizo zilimchoma. Kanisani mchungaji alimsimamisha mbele akasema vijana wote wajifunze kwake. Alisimama pale akikunja mikono ya shati. Tulipokuwa tukirudi akaniambia jambo ambalo nimelibeba hadi leo.

"Mama Mwende, mimi siku hizi siombi."

"Kwa nini?"

"Naogopa. Nikifungua mdomo sijui ni ombi lipi litakalotoka."

Tulitembea mpaka tukafika kwenye ploti, ule ua wetu wa vyumba vya kupanga, na mama yake alipomwona alitabasamu kwa ule upande wa uso uliokuwa hai, akaita, "Daktari wangu!" Naye akapiga magoti mbele ya kiti, akamwita mama kwa lugha ya kwao, "Naam, Mwaitu." Wala haikuwa unafiki. Alimpenda. Nilimsikia kupitia ukutani akimsimulia mambo ya theluji, akimwimbia nyimbo za Ukambani alizosahau nusu, na mama akimsahihisha maneno. Ni kwamba ule upendo ulikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea, na mlango huo alikuwa hataki kuutazama.

Kisha profesa wake wa ng'ambo akapita Nairobi. Alikuja kwenye mkutano, akamwita hotelini mjini. Nilimpigia suti pasi mimi mwenyewe, nikakaa na mama yake, na nikajiambia leo mambo yatabadilika. Alirudi mapema kuliko nilivyotarajia. Akakaa kwenye benchi langu, tai ikiwa mfukoni.

"Amesema nini?"

"Amesema nafasi yangu ipo. Mashine ipo. Hata nauli watatoa."

"Mungu ni mwema! Sasa?"

"Wanataka tarehe."

"Si uwape tarehe."

Akageuka akanitazama, na macho yake yalikuwa mekundu. "Tarehe ya nini, Mama Mwende? Niwaambie mama yangu atakufa lini?"

Nilimwambia tungemtafutia mama mtu wa kumtunza. Nikamtajia dada zake. Akasema dada mmoja alishajaribu, na mama akakataa kula. Hakuzungumzia tena habari hiyo. Profesa alipanda ndege, na asubuhi yake Daktari akambeba mama yake nje kama kawaida, akamgeuza uso juani.

Polisi walikuja wakati yeye yuko shuleni. Walikuwa watatu, wawili wamevaa kiraia. Jua lilikuwa limepanda na mama yake alikuwa amekaa mlangoni. Mmoja akachuchumaa mbele yake kwa adabu.

"Habari ya asubuhi, nyanya. Kijana yako anafanya kazi gani?"

"Daktari," akasema mama. Maneno yalimtoka kwa shida tangu augue, lakini hilo alilisema wazi.

"Anatibu watu?"

"Hatibu. Anatengeneza fedha."

Yule polisi akawatazama wenzake. Mimi niliruka kutoka kwenye cherehani. "Afande, si pesa. Ni madini. Ni mambo ya masomo."

"Mama, tulia. Kwani wewe na yeye mko pamoja?" Akamgeukia tena mama. "Anatengenezea wapi, nyanya?"

Akainua mkono wake mzima, akaonyesha pazia. Uso wake uling'aa kwa fahari. "Huko ndani. Gizani. Mwangaza unaiharibu."

Wakaingia. Walitoka na shilingi za mfalme, nyingine zimeliwa nusu na asidi, na kwao huo ulikuwa ushahidi tosha. Walitoka na zile chupa, wakazivua nguo, wakaziinua juani kuzitazama. Mmoja alikitikisa kile kichupa cha unga uliotoka ng'ambo, akanusa, akauliza kama ni dawa ya kulevya. Hakungoja jibu. Akakimwaga kwenye mfereji wa maji machafu. "Panya watajua," akasema, na wenzake wakacheka. Niliutazama ule unga mweupe ukielea juu ya povu la sabuni, ukalowa, ukaenda.

Hawakwenda kumtafuta. Walimngoja. Na yeye, saa ya chakula, akaja mbio kama siku zote. Wakamtia pingu mlangoni pake. Nilikuwa nimeshamwingiza mama ndani na kumlaza, asione. Daktari aliangalia chupa zilizopangwa juani, maji yake yameanza kuwa ya kahawia, halafu akaniangalia mimi.

"Mgeuze sasa hivi," akasema. "Na jioni tena. Upande wa kushoto kuna kidonda, asiulalie."

Wakamchukua.

Walimshikilia siku nyingi. Siku hizo nikamtunza mama yake, na hapo ndipo nilipojua maisha ya jirani yangu, kwa sababu kuyaona na kuyabeba ni mambo mawili. Sikuweza kwenda sokoni. Nguo za wateja zilirundikana. Nikimaliza kumlisha ilikuwa saa ya kumgeuza, nikimaliza kumgeuza ilikuwa saa ya kufua. Usingizi wangu ukawa na sikio moja wazi. Na yule mama hakuwa mbaya. Alinishukuru kwa kila kijiko. Lakini ilifika siku nilikaa kitandani pake nikautazama mlango, nikajikuta nahesabu pumzi zake, na nikaogopa nilichokuwa nikikiwaza. Mimi nilikuwa na siku zile tu. Yeye alikuwa na miaka.

"Daktari yuko wapi?" aliniuliza kila asubuhi.

"Ana kazi nyingi, Susu," nilimjibu, nikimwita bibi kwa lugha ya kwao.

"Ya fedha?"

"Ya fedha."

Mwalimu mkuu wa shule yake alikuwa mtu jasiri. Alikwenda kituoni mara kwa mara mpaka wakakubali chupa zipimwe na mtaalamu, na mtaalamu akasema hizi si pesa wala haziwezi kuwa pesa. Wakamfungulia bila neno. Chupa hawakumrudishia, na hata wangemrudishia, zilikuwa zimekaa juani dirishani mwa kituo na kila kitu ndani yake kilikuwa cheusi.

Alirudi na ndevu, amekonda, mguu mmoja akiuchechemea. Hakuniambia walimfanyia nini. Aliniomba maji, akanawa mikono mpaka viwiko, akaingia kwa mama yake. Mimi nilikuwa mle ndani nakunja shuka.

"Ulikuwa wapi?" mama akauliza.

"Kazini, Mwaitu. Kulikuwa na wageni."

"Ni wale waliokuja hapa? Mimi ndiye niliyewaonyesha. Niliwaambia unatengeneza fedha."

Nilisimama na ile shuka mikononi. Daktari hakuwa amejua. Nilikuwa nimeapa kwamba hatajua. Nilimwona akishika mkono wa shati lake, akakunja mkunjo mmoja. Kisha akaushusha, akaunyoosha, akafunga kifungo.

"Umefanya vizuri, Mwaitu," akasema.

"Wamefurahi?"

"Wamefurahi sana."

Akamgeuza, akaangalia kile kidonda upande wa kushoto, akanitazama juu ya bega la mama yake, akaniinamishia kichwa. Kidonda kilikuwa kimepona.

Landlodi hakutaka ploti inayojulikana na polisi. Mwisho wa mwezi Daktari alikodi mkokoteni, akamweka mama yake juu ya magodoro, wakahamia Kawangware, karibu na shule. Niliwasindikiza mpaka Ayany. Mama alikuwa amefurahi kwa safari, anapungia watu kama anayekwenda harusini. Baada ya hapo tuliachana kama watu wanavyoachana Nairobi, bila kugombana na bila kutafutana. Nilipata habari kwamba yule mama aliishi misimu mingine mingi ya mvua kabla ya kufariki. Nikaambiwa pia kwamba mwanawe, matanga yalipokwisha, alipanda ndege. Niliamini. Nilipenda kuamini. Nikiwa nashona nilimwona akilini mwangu amevaa koti jeupe mbele ya mashine ile, anaona ndani.

Miaka ikaenda. Watoto wangu wakakua, nami nikahamisha cherehani yangu, nikafungua kibanda Kawangware, penye stendi ya basi iitwayo 46. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Siku moja mtu akasimama mlangoni akiuliza kama fundi anaweza kwenda nyumbani kumpima mteja asiyeweza kutembea. Mvi zilikuwa zimemjaa. Nilimjua kwa ile sauti ndogo.

"Daktari!"

Mabega yake yakatikisika. "Mama Mwende. Bado sijamaliza."

Nikachukua futi yangu ya kupimia tukatoka. Njiani nikamwuliza alirudi lini kutoka ng'ambo, akasema hakwenda. Mama alipofariki, akasema, aliwaandikia, akajibiwa kwamba profesa amestaafu. Akaenda maktaba mjini kusoma majarida, ajue pa kuanzia. Humo akakuta kazi yake. Watu wa nchi nyingine, hawakumjua wala hakuwajua, walikuwa wamechukua fedha ile na unga ule, wakabadilisha wenzi mmoja baada ya mwingine, wakatazama ndani kwa mashine, wakachapisha picha.

"Nilikaa nikasoma mpaka wakanitoa wafunge," akasema. "Ya sindano nilikuwa nimepata. Mnyororo umepinda, vile vile. Ya siki nilikosea. Nilifikiri ni shuka. Kumbe si shuka hata kidogo."

"Ulisikia vibaya?"

Akafikiri. Bado hakupenda kubahatisha. "Nilifurahi kuona. Niliona kweli ndani. Halafu nikarudisha majarida, nikaenda nyumbani, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kumgeuza."

Tulifika kwenye nyumba ya mabati yenye vyumba viwili. Ndani, kitandani, alikaa mzee mmoja mnene, askari wa zamani wa ghala, blanketi mapajani. Chumba kilinukia sabuni. Daktari akanong'ona kwamba alikuwa jirani wa ploti tu. Wanawe walimwacha, akakutwa amelala sakafuni. "Si mtu wangu," akasema. "Lakini mimi nilikuwa nakaa bure, na kazi hii naijua."

Nilihisi hasira, sijui juu ya nani. Nilitaka kumshika mkono nimtoe nje, nimwambie, wewe ulifunguliwa, kwa nini umejifunga tena? Yeye alikuwa ameshapiga magoti, anamvisha mzee kiatu ili asimame apimwe vizuri. Tukamwinua pamoja. Alikuwa mzito. Nikamzungushia futi kiunoni.

Mzee akanitazama kwa macho yenye ukungu, akamwekea Daktari mkono kichwani.

"Fundi, unamwona huyu? Huyu ndiye mtoto wangu wa kwanza. Wale wengine wote walitafuta njia, mmoja Mombasa, mmoja wapi sijui. Huyu hajawahi kwenda mahali."

Daktari alikuwa akifunga kamba za kiatu. Hakuinua uso.

"Sijawahi, Mzee," akasema.

Nikainama kupima mguu, nikakaa hapo chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika.